Picha Nzuri ya Maman Adèle

Jeanine alikuwa karani katika ofisi ya shule moja ya mtaa wa Muhumba, mjini Bukavu. Kila asubuhi aliwasha makaa kwenye mbabula, akachemsha chai, kisha akamwamsha mama yake. Waliishi wawili tu. Baba alikuwa amefariki, na kaka yake Honoré alikuwa amekimbilia Ulaya tangu vita ya kwanza, ya mwaka 1996.

Mama yake aliitwa Adèle, na mtaa mzima ulimwita Maman Adèle. Alikuwa na miaka sitini na minne, na ole wako umwambie kwamba amezeeka. Jumapili yeye ndiye aliyesoma somo la kwanza kanisani. Alisimama wima mbele ya watu, kitambaa cha kichwa kimefungwa juu kabisa, na sauti yake ikafika hadi mlangoni. Watu walisema Maman Adèle akisoma, hata watoto wachanga wanaacha kulia. Hiyo ni chumvi, lakini kidogo tu.

Ulikuwa mwaka 2002. Mji ulikuwa mikononi mwa waasi. Barabara ya Minova haikuaminika, na watu wengi walilala na viatu karibu na mlango. Hata hivyo, kila Jumapili baada ya misa, mpiga picha alisimama nje ya kanisa na watu wakapanga foleni. Walijipaka mafuta na poda. Walivaa nguo zao za sikukuu. Walitazama mbele bila kucheka. Picha hizo zilitumwa kwa ndugu walio mbali, Nairobi, Kinshasa, Ulaya. Picha ilikuwa barua: tuko hai, tunakula, vita haijatushusha. Kwa hiyo hakuna mtu aliyekubali kupigwa picha akiwa na nguo ya jikoni. Hata mgonjwa alipakwa mafuta kwanza.

Kumbuka jambo hilo, msomaji, maana bila hilo utamhukumu Jeanine vibaya.

Alhamisi moja Maman Adèle aliamka ameshika paji la uso, upande wa kulia.

"Kichwa iko naniuma huku," alisema. "Iko nachoma sawa moto. Ata kitana sitaki kinipitie."

"Pengine ni malaria, maman."

"Malaria gani ya upande moja? Malaria inakamataka mwili yote."

Maman Adèle alisema kweli, lakini hakuna aliyemsikiliza. Jumamosi asubuhi malengelenge madogo yalikuwa yametokea kwenye paji, juu ya jicho la kulia. Mengine yalishuka hadi kwenye nyusi. Moja lilikaa peke yake kwenye ncha ya pua. Kope ya jicho ilianza kuvimba.

Majirani waliingia, kila mmoja na lake. Mmoja alisema mdudu amemkojolea akiwa amelala. Mwingine alisema wampake dawa ya meno, kwa sababu inapoza. Jeanine alimfuata huyo wa pili. Mama yake alikuwa analia kwa uchungu, na dawa ya meno ilikuwepo nyumbani. Alimpaka Jumamosi. Jumapili alimpaka tena juu ya ile ya kwanza, nayo ikakauka ndani ya vidonda.

Jumatatu walikwenda hospitali. Wodi zilikuwa zimejaa majeruhi, na Daktari Cyprien hakuwa amelala siku mbili. Aliuona uso uliovimba na ukoko mweupe uliofunika vidonda. Aligusa kidogo, na Maman Adèle akapiga kelele.

"Hii inaonekana ni infection," alisema daktari. "Microbe imeingia mu ngozi. Tutaanza na sindano za antibiotique. Mulimupaka kitu?"

Jeanine alitazama sakafu. Yeye, mtu wa ofisi, mtu aliyesoma, aseme kwamba amempaka mama yake dawa ya meno usoni?

"Apana, docteur."

"Ata majani?"

"Ata majani."

Uongo huo ulikuwa mfupi sana. Hakujua utadumu muda gani.

Daktari Cyprien alikuna kichwa. "Sina hakika kabisa," alisema. "Mambo ya ngozi si kazi yangu, na mu Bukavu yote hatuna munganga wa ngozi ata moja. Lakini tuko na Docteur Zagabe."

Akaeleza. Daktari Zagabe alikuwa mzaliwa wa Katana. Sasa alifanya kazi Ubelgiji, na kazi yake ilikuwa ngozi tu. Kila Jumanne na Ijumaa, kuanzia saa sita mchana, alikaa mbele ya mashine yake akingoja picha za wagonjwa wa nyumbani. Hospitali ilikuwa na kamera ndogo iliyoweka picha kwenye diskette. Diskette hiyo ilipelekwa katika ofisi moja ya kanisa yenye antena ya satelaiti. Siku hizo mbili jenereta ya ofisi iliwaka kuanzia saa sita hadi saa nane tu, kwa sababu mafuta yalikuwa shida.

"Kesho ni Mardi," alisema daktari. "Infirmière Maombi atamupiga maman photo, na Docteur Zagabe ataangalia akiwa kule. Atatuambia kama tuko njia moja na ugonjwa, ao tumepotea."

Mama yake alipolazwa wodini, Jeanine alimweleza. Maman Adèle alikuwa na homa na maumivu, lakini aliketi kitandani ghafla.

"Zagabe wa Katana? Mutoto wa nani?"

"Sijui, maman."

"Atakuwa mutoto wa ile famille ya kwetu, ya karibu na misioni. Batu benye eshima sana. Sasa njo bataniona vile? Na hii uso?" Akamshika binti yake mkono. "Jeanine, enda nyumbani. Uniletee liputa yenye nilivaa Pasaka, na ereni. Na poda usisahau."

Jeanine hakubisha. Kusema kweli, ereni alikuwa ameshazifikiria yeye mwenyewe.

Jumanne asubuhi muuguzi Maombi alipita mbio kando ya kitanda. "Jeanine, utayarishe maman," alisema. "Saa ine niko nakuja na appareil ya photo."

Basi Jeanine akamtayarisha, kama mtu yeyote wa mji ule angefanya. Alimpaka mafuta mashavuni. Alipaka poda ya kahawia juu ya ukoko, akaongeza mpaka paji likafanana na shavu. Lile lengelenge la ncha ya pua lilimsumbua, kwa hiyo alilipaka mara tatu. Alishusha kitambaa cha kichwa hadi kwenye nyusi. Mwishowe aligeuza kiti, ili upande wa kushoto, upande mzima, utazame kamera.

Wagonjwa wa vitanda vya jirani walishangilia. "Maman, umekuwa sawa bibi arusi!"

Maman Adèle alicheka kwa mara ya kwanza tangu Alhamisi, na Jeanine akafurahi. Baadaye, kati ya yote yaliyotokea, furaha hiyo ndiyo iliyomuuma zaidi.

Saa nne Maombi hakuja. Lori lilikuwa limeleta majeruhi wengine kutoka njia ya Minova. Alikuja dakika chache kabla ya saa sita, aproni yake ina damu, anahema.

"Muko tayari? Generateur iko inawaka sasa." Akamtazama Maman Adèle, akasita. "Lakini kile kitambaa..."

"Maombi! Maombi!" mtu aliita kutoka barazani.

Maombi akapiga picha moja, akiwa amesimama miguuni pa kitanda. Akampa dereva wa hospitali diskette, akakimbia kwa majeruhi wake.

Saa nane na nusu Daktari Cyprien aliingia na karatasi. Uso wake haukuwa na hasira, ulikuwa na uchovu tu. Alisoma polepole, akitafsiri kutoka Kifaransa.

"Nimepokea photo moja. Naona maman wa heshima, amependeza sana. Ngozi sioni. Poda imeifunika, kitambaa kimefunika paji, na upande wenye ugonjwa umegeuzwa. Muoshe uso kwa maji safi. Mupige photo upya, ya mbali na ya karibu. Muniambie ilianza siku gani, inauma ao inawasha, na ilipakwa kitu gani. Nitangoja hadi saa nane yenu."

Akakunja karatasi. "Saa nane imeshapita. Courant ya kule imekatwa. Ni mpaka Vendredi."

Jeanine alihisi masikio yake yanawaka moto. Jumatano alitaka kusema habari ya dawa ya meno. Alimwona Daktari Cyprien anapita, akafungua kinywa, akakifunga. Alhamisi alitaka tena kusema, na tena akaacha kwa aibu. Sindano ziliendelea. Uvimbe haukushuka. Jicho la kulia likawa jekundu, likakataa mwanga, na Maman Adèle akalala na kitambaa usoni mchana kutwa. Daktari wa macho alikuwa amekwama ng'ambo ya ziwa. Alhamisi jioni mama alisema kwa sauti ndogo:

"Jeanine, huku kuume niko naona ukungu."

Ijumaa Maombi alikuja mapema. Alibeba beseni la maji yaliyochemshwa na kupoa, na kitambaa safi.

"Leo hakuna poda," alisema. "Leo tunaosha. Pole, maman, nitaenda polepole."

Alilowesha ukoko, akangoja, akalowesha tena. Ule weupe ukaanza kulainika. Ukatoa povu kidogo. Maombi akainama, akanusa, akainua kichwa.

"Jeanine, hii si ukoko ya kidonda. Hii ni dawa ya meno."

Jeanine alikaa kwenye ukingo wa kitanda na kulia kama mtoto. "Mi njo nilimupaka," alisema. "Docteur aliniuliza, nikakatala. Nilisikia haya."

Maombi hakumgombeza, na ingekuwa afadhali amgombeze. "Banasema ukificha ugonjwa, kilio kitakuumbua," alisema. "Lakini na mimi nilikosa. Nilikuambia umutayarishe, sikukuambia namna gani. Niliona kitambaa na poda, na nikapiga tu. Basi tusikose mara ya pili. Shika beseni."

Waliosha mpaka ngozi ikaonekana. Chini ya ule ukoko kulikuwa na vidonda vidogo vidogo, vimekaa makundi makundi. Vilianza kwenye nywele, vikapita kwenye paji na nyusi, vikaishia kwenye ncha ya pua. Katikati ya paji vilikoma, kana kwamba mtu amepiga mstari kwa rula.

"Unaona?" Maombi alisema. "Kushoto hakuna ata kimoja. Hii ugonjwa inajua mupaka yake. Na sisi tuliifunika."

Wakasogeza kiti karibu na dirisha. Maombi alieleza huku akifanya kazi, na Jeanine alisikiliza kama mtu anayesikiliza hukumu yake.

"Photo ya munganga si ya Dimanche. Inahitaji mwangaza ya jua, ya dirisha. Ya kwanza ni ya mbali kidogo, ajue ni sehemu gani ya mwili. Kisha ya karibu, na hii pièce, sarafu yangu ya mufuko, tunaiweka pembeni, ajue kidonda kina ukubwa gani. Kisha upande muzima, apate kulinganisha. Maman, jina yako haitaenda, ni numéro tu. Unakubali?"

"Nakubali, mutoto wangu. Piga tu."

"Sasa Jeanine, weka mukono yako hapa ku paji. Kisha kushoto. Wapi iko joto?"

"Huku kuume."

"Andika. Ngozi yetu nyeusi haionyeshake wekundu mbio, na ku photo joto haionekane. Docteur Zagabe hana mikono huku, sisi njo mikono yake. Andika na siku: maumivu Jeudi, malengelenge Samedi. Andika kama inachoma, haiwashi."

"Na dawa ya meno, niandike?"

"Andika. Munganga wa mbali hana pua pia."

Jeanine aliandika. Aliandika kwa uangalifu, kama alivyozoea kuandika barua za mkurugenzi.

Jibu lilirudi kabla ya saa saba na nusu. Daktari Cyprien alilileta akikimbia, na daktari hakimbii hovyo.

"Ni zona, mukanda ya jeshi!" alisema. "Si microbe ya jipu. Docteur Zagabe anasema ni virusi ile ile ya varicelle, ile tetekuwanga yenye batoto banapataka. Maman aliipata akiwa mudogo. Ilipona, lakini haikutoka. Ililala mu mushipa miaka yote, na sasa mwili imechoka, imeamuka. Njo maana inafuata mushipa ya upande moja. Sindano zetu haziwezi kitu juu yake."

"Na jicho, docteur?" Jeanine aliuliza.

Daktari aliangalia karatasi. "Kidonda kikitokea ku ncha ya pua, jicho iko mu hatari. Mushipa unaoenda ku pua njo unaenda na ndani ya jicho. Aanze vidonge vya aciclovir leo leo. Vinafanya kazi muzuri sana vikianza mbele ya siku tatu kuisha, tangu malengelenge kutokea. Ata kama zile siku zimepita, juu ya jicho tunaanza tu."

Mwishoni mwa barua Daktari Zagabe alikuwa ameandika mstari mmoja kwa Kimashi, lugha ya kwao, akimsalimu mama kwa heshima, kama mtoto anavyomsalimu mama wa kwao. Maman Adèle aliomba asomewe mara mbili.

Jeanine hakusikia salamu. Alikuwa anahesabu kwa vidole. Jumamosi malengelenge. Jumapili, siku ya kwanza. Jumatatu, ya pili. Jumanne, ya tatu. Jumanne ndiyo siku aliyompaka poda mara tatu kwenye ncha ya pua, mahali hasa ambapo daktari wa mbali angetazama kwanza.

Alishuka mbio hadi duka la dawa lililokuwa barabarani, chini ya hospitali. Vidonge vilikuwepo. Muuzaji alinyoosha mkono tu, akavitoa kwenye rafu. Vilikuwa vimekaa pale wiki nzima, mwendo wa dakika kumi kutoka kitandani pa mama yake.

Maombi alimpa onyo moja tena: watoto wachanga na wajawazito ambao hawajapata varicelle wasikaribie vidonda hivyo hadi vikauke. Maman Adèle alimeza vidonge vyake kwa saa zilizopangwa. Baada ya siku chache vidonda vilikauka, na uvimbe ukashuka. Watu walisema Mungu asifiwe, na kweli asifiwe. Lakini ukungu wa jicho haukuondoka. Wiki tatu baadaye daktari wa macho alivuka ziwa, akamulika jicho kwa taa yake ndogo.

"Kioo ya jicho imepata kovu," alisema. "Ataona mwangaza tu, basi."

"Tungeanza mapema?" Jeanine aliuliza.

"Pengine tungeokoa. Hakuna mutu anaweza kuapa. Lakini pengine."

Neno hilo "pengine" Jeanine alirudi nalo nyumbani, akala nalo, akalala nalo. Majuto ni mjukuu, huja nyuma, na huyu alikuja kukaa. Maman Adèle alimimina chai nje ya kikombe, kwa sababu jicho moja halipimi umbali vizuri. Kwenye ngazi za udongo za mtaa wao alitafuta kwa mguu kabla ya kukanyaga. Alinunua miwani myeusi. Kanisani aliketi nyuma, na mwingine akasoma somo la kwanza.

Jeanine hakuweza kurudisha jicho. Alichoweza kufanya alikifanya. Aliomba ruhusa kwa mkurugenzi wake, awe hospitali asubuhi ya Jumanne na ya Ijumaa. Alipiga chapa karatasi kwa herufi kubwa, kwa Kiswahili chepesi, akaibandika kwenye ukuta wa wodi. Ilisema mgonjwa wa ngozi anayepigwa picha aoshwe kwa maji safi, asipakwe mafuta, poda wala dawa ya rangi. Ilisema familia itaje kila kitu ilichopaka, hata cha aibu. Chini kabisa aliandika kwamba munganga hacheki mtu. Kisha alikaa pale na beseni, akawaosha wagonjwa na kuwauliza maswali. Maombi alisema sasa picha zinarudi na jibu siku ile ile, karibu zote.

Mama yake alijua anakokwenda, lakini hawakuzungumza jambo hilo. Miezi minne walikaa hivyo. Kisha jioni moja chai ilimwagika tena mezani, na Jeanine, akifuta meza, alishindwa kuvumilia.

"Maman, unisamehe. Mi njo niliua jicho yako."

Maman Adèle alisogeza kikombe kando.

"Nani alikutuma ereni?" aliuliza.

"Ni wewe, maman."

"Na poda?"

"Ni wewe."

"Basi usibebe peke yako. Mi nilitaka batu ba Katana baseme Adèle angali muzuri. Bakasema. Docteur aliandika nimependeza." Alicheka kidogo, lakini cheko halikufika mbali. "Nilikusamehe zamani. Jicho tu njo niko nalilia, na nitaendelea kulilia. Vendredi unaenda?"

"Ninaenda."

"Tutaenda wote."

Ijumaa hiyo palikuwa na mgonjwa aliyeitwa Delphine, mfanyabiashara kijana kutoka Minova. Uso wake ulikuwa na vipele vyenye usaha na mabaka yaliyovimba. Alikuwa amechomwa sindano za infection siku nane, na hali ikazidi. Kesi yake ilikuwa inapelekwa kwa Daktari Zagabe. Lakini Delphine alikuwa amejipaka poda nzito kuanzia kidevu hadi nywele, na alipoona beseni aligeuka ukutani.

"Sitaosha," alisema. "Photo inaenda Ulaya, na mi niende hivi? Niko na muchumba kule. Dunia ni ndogo."

Jeanine alimwonyesha karatasi ya ukutani. Alimweleza kwamba picha inakwenda kwa daktari mmoja tu, na kwamba jina halitaandikwa. Delphine alitikisa kichwa. Saa tano ilikuwa imepita.

Maman Adèle alikuwa ameketi kwenye benchi. Alisimama, akapapasa ukingo wa kitanda, akakaa karibu na Delphine. Akavua miwani myeusi mbele ya wodi nzima, yeye ambaye hakuivua hata kwa padri.

"Niangalie, mutoto wangu," alisema.

Delphine aligeuka. Aliona makovu ya paji, na jicho jeupe lisilomtazama mtu.

"Siku yangu ya photo nilivaa ereni," alisema Maman Adèle. "Batu bote balisema niko sawa bibi arusi. Photo ilitoka muzuri sana. Njo hii inabakia. Sasa niambie, unataka photo muzuri, ao unataka kupona?"

Delphine alinyoosha mkono, akachukua kitambaa kwenye beseni, na kuanza kujiosha mwenyewe. Alipofika shavuni, machozi yalichanganyika na maji, na ukweli ukatoka. Kwa mwaka mzima alikuwa anajipaka krimu ya kung'arisha ngozi, aliyoinunua sokoni, tube baada ya tube. Daktari Cyprien alipomuuliza, alikuwa amekana.

Jeanine aliandika yote. Maombi alipiga picha dirishani, ya mbali, ya karibu, ya upande. Saa saba jibu likaja. Daktari Zagabe aliandika kwamba ile krimu ina dawa kali ambayo imeichosha ngozi, na ndiyo iliyoleta vipele. Aliomba sindano zisimame, krimu iachwe kwa kupunguzwa kidogo kidogo, na uso uoshwe kwa sabuni isiyo kali. Alionya kwamba mwanzoni uso utachafuka zaidi kabla ya kutulia, hivyo mgonjwa asikate tamaa na kurudia krimu. Mambo yakawa kama alivyosema. Baada ya miezi mitatu Delphine alipita wodini kusalimia, akiwa hana poda hata chembe, na ngozi yake ilikuwa imetulia.

Lakini Ijumaa ile hakuna aliyejua bado. Jenereta ilizimwa saa nane, na Jeanine na mama yake wakaanza kupanda mlima kurudi Muhumba. Maman Adèle hakurudisha miwani. Watu waliokutana nao walisalimia, wengine wakatazama pembeni haraka.

"Ile photo ya Delphine," mama aliuliza, "ilitoka wazi?"

"Ilitoka wazi, maman. Kila kitu ilionekana."

"Aksanti Mungu," alisema Maman Adèle.

Wakaendelea kupanda polepole. Jeanine alitembea kuume kwa mama yake, upande ambao haoni, akimwambia kila ngazi kabla hajaifikia.